Chama Kimekula

Katika kituo cha zimamoto hakuna tena anayeita "Mguu!" Zamani, ngazi iliposimamishwa, mpandaji aliita neno hilo na aliye chini akajibu, "Ninao!" Ndipo mpandaji alipoinua unyayo. Siku hizi wanapanda kimya, na kimya hicho kilianza alipoondoka Tajudin.

Alizaliwa mtaa wa Kisenyi, katika ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani sana, wakabaki na msikiti wao, pilau yao, na Kiswahili ambacho majirani walikiona cha kujidai. Mama yake alitaka auze vitambaa. Yeye alipenda kwenda juu. Aliyemshikia ngazi miaka yote alikuwa Wahabi, mtu mfupi, mzito kama gunia la chumvi, na Tajudin alimwamini kuliko alivyoiamini ngazi yenyewe.

Wanajeshi walipotwaa serikali, kituo nacho kilipewa kapteni, ambaye hakuwahi kuona moto mkubwa kuliko wa sigara yake. Asubuhi moja alitazama mazoezi.

"Huyu mufupi nafanya nini?"

"Anashika ngazi, afande."

"Ngazi iko mugonjwa?"

Siku hiyohiyo akaamuru kila gari libaki na watu watatu badala ya sita: dereva, mtu wa mpira wa maji na mpandaji. Wengine wangesimama barabarani kupepea bendera wageni wa serikali wakipita.

Chama cha wazimamoto kikakutana. Mwenyekiti, Cleopas, alikuwa mtu jasiri mwenye ulimi wa Kiganda, ulimi ambao r isipofuata e au i huigeuza l bila hata kujua. Walikubaliana kwamba kapteni aambiwe hatari, kisha wanachama wapige kura juu ya amri hiyo. Cleopas na Tajudin wakatumwa.

"Afande," Cleopas alianza, "watu wakipungua, mtu atakufa. Chama inataka kula."

Kapteni aliinua kichwa. "Kula?"

"Ndiyo, afande. Kila mtu apige kula. Leo leo."

"Nyinyi nasikia njaa?"

Tajudin alishindwa kuvumilia. "Samahani, afande. Mwenyekiti anasema ku—"

"Ku nini?"

Mlinzi aliyesimama mlangoni akaacha kutafuna. Bunge lilikuwa limefungwa, na katika mji ule walikuwapo watu waliolitamka neno "kura" wakasindikizwa kwenye buti la gari. Tajudin aliisikia r ikitetemeka kwenye ncha ya ulimi wake. Akiitamka, huenda Wahabi akabaki chini ya ngazi. Na huenda asibaki mtu wa kushikiwa ngazi. Cleopas alimkanyaga kidole.

"Kula, afande," alisema Tajudin. "Nyama."

"Ah! Si ungesema!"

Ng'ombe aliletwa jioni, akachinjwa kihalali, na uwanja mzima wa kituo ukanukia. Walikula. Wahabi alikula kuliko wote, akicheka mpaka machozi.

"Swahiba, kumbe umeniuza kwa ng'ombe!"

"Tafuna, usiseme."

"Nasema huku natafuna. Mbavu hii ndiyo mimi, au hii?"

Kapteni alisimama, akafuta midomo. "Chama ilitaka kula. Imekula. Kama iko mutu na neno, aseme."

Hakuna aliyesema, vinywa vilikuwa vimejaa. Kesho yake Wahabi akakabidhiwa bendera.

Haukupita muda, duka la vitambaa likashika moto mchana. Mwenyewe, Mhindi, alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na wenzake, na duka likagawiwa kapteni. Gari lilifika na watu wake watatu. Dereva akabaki kwenye pampu, wa mpira akaelekea mlangoni, na Tajudin akaiegemeza ngazi ukutani, peke yake. Kapteni alikuwa akirukaruka barabarani.

"Panda! Hariri yangu iko juu!"

"Nani atashika, afande?"

Kapteni alitazama kushoto na kulia. "Mimi!"

"Mguu!" aliita Tajudin.

"Mguu gani?"

"Jibu 'Ninao', afande."

"Ninao! Panda, mushenzi wewe!"

Alipanda. Alikuwa ameufikia ubao wa dirisha, moshi ukimlamba uso, lori la askari lilipofika kusaidia. Sajini aliruka chini, akamwona mkubwa wake, akagonga visigino na kupiga saluti. Kapteni alikuwa mwanajeshi mwenye nidhamu. Aliiacha ngazi, akasimama wima, akairudisha saluti, taratibu, kama inavyotakiwa. Ngazi iliteleza nyuma yake kwa heshima zote.

Tajudin alivunjika nyonga. Alilazwa hospitali ya Nsambya, akitazama dari, mahali pa juu alipoweza kufika kwa macho tu. Wahabi alikuja na bendera yake, maana hakuruhusiwa kuiacha popote. Cleopas naye akaja.

"Wamerudisha watu?" Tajudin aliuliza.

"Hapana, munnange, ndugu yangu. Lakini kapteni ametoa amli." Cleopas alisafisha koo. "Ngazi ikiwa imesimama, ni malufuku mtu kupiga saluti."

Wahabi alicheka, kisha akaacha. Tajudin aligeuza uso ukutani, na wenzake hawakujua kama analia au la.

Hakurudi kituoni. Anaishi Kisenyi kwa dada yake, Mwanawetu, katika chumba nyuma ya gereji, anatembea na fimbo, na anauza vitambaa.