Mwenye Kana Kazikwa kwa Maua ya Plastiki

Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Chapwa amefariki. Wasomaji wa Tunduma huenda mlimjua bila kujua jina lake: nyumba yake ndiyo ile ya kando ya barabara ya vumbi, malori yanapopanga foleni, yenye maua mekundu na ya njano yanayochungulia juu ya uzio. Majani yake mapana kama ya mgomba. Mwenyewe aliyaita kana. Tulimzika wiki iliyopita, na tangu siku hiyo nina hasira. Mimi si msemaji mbele za watu, na hata kuandika naandika polepole, lakini hili nitaliandika mpaka liishe.

Alitoka Ibaba, kule milimani Ileje, ambako mvua haina choyo. Huku kwetu maji ni ya kubeba kwa madumu, kwa hiyo kana zake alizipanda nyuma ya nyumba, pale maji ya bafuni yanapotokea, zikazunguka mpaka mbele. Wapangaji wake wakioga, maua yanakunywa. Nyuma ya bafu za majirani kuna dimbwi na mbu. Kwake palikuwa pakavu. Shina likishachanua alilikata chini kabisa. "Hili limeshazaa," alisema, "liwapishe wanawe." Mvua zikikaribia alifukua mizizi, minene kama tangawizi, akaigawa, kila kipande na jicho lake, akakifukia kidogo tu, jicho likitazama juu. Jirani mmoja mwenye duka alizoea kumkejeli: "Mama, hayo maua yanaliwa?" Naye hakuinua hata kichwa: "Kwani ile redio yako wewe unaiunga kwa karanga?"

Kukata ua ampe mtu, hakukubali. Dereva mmoja wa Zambia, foleni imemchosha, alishuka akasimama kwenye uzio, akamwita mama kwa Kibemba. "Bamayo, naomba ua moja nimpelekee mke wangu." Mama akamwambia, "Litakufa kabla hujavuka mpaka, foleni hii naijua. Chukua mzizi." Akamtilia udongo kwenye kopo la oili, dereva akaliweka mbele ya kioo cha lori. Baada ya muda mrefu alipita tena, anacheka peke yake. "Bamayo, maua yametoka. Sasa mke wangu anauliza huyu mwanamke wa Tunduma anayenipa maua ni nani." Mama akajibu, "Mwambie ni mama mkwe wake, na aache kelele amwagilie."

Alipougua aliuguzwa na dada mmoja mpangaji, anayeuza vitumbua asubuhi. Wana wa mama wako Dar es Salaam. Aliwapigia simu mmoja mmoja, sisi tukisikia, akawaambia neno lile lile: "Nikifa msiniletee maua ya dukani. Nipandieni haya yangu kaburini." Kila mmoja alimjibu, "Sawa mama."

Msiba ulipofika, kamati ilitafuta mahali pa turubai. Kijana wake mkubwa akaonyesha bustani. "Fyekeni haya majani, hapa panatosha." Dada mpangaji alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kaka, hayo ndiyo aliyosema apandiwe." Yule kaka alimtazama kama anayetazama mlango uliojifungua wenyewe. "Dada, hatuwezi kumzika mama yetu kwa majani ya bafuni. Watu watatuonaje?" Wakafyeka. Kwa kuwa viti havikukaa sawa juu ya visiki, wakaleta majembe, wakang'oa na mizizi, wakaitupa jalalani. Kesho yake makaburini mshereheshaji akaita kwa kipaza sauti: shada la watoto, shada la wajukuu, shada la marafiki wa mtoto mkubwa. Yote plastiki, mengine bado yana karatasi ya bei. Kila aliyeweka alisimama kidogo apigwe picha. Kabla ya wiki kuisha mafundi walikuwa wameshaweka saruji na marumaru nyeupe.

Wazee walisema kufa kufaana. Msiba huu ulimfaa kila mtu isipokuwa aliyekufa. Wenye turubai walipata kazi, mafundi walipata kazi, watoto walipata sifa. Sikatai mtu kumjengea mzazi wake. Nakataa kujenga juu ya neno lake. Mji wetu umejaa watu wanaoishi kama wanaosubiri gari. Ardhi tunaitazama tukiona fremu za duka au maegesho. Mtu mmoja akaamua hapa ndipo nyumbani, akapanda, akakausha uchafu wetu kwa uzuri, nasi tukamlipa kwa jembe. Na walioshika majembe ni vijana wa mtaa huu huu, waliokua wakikimbizana kati ya maua hayo.

Wageni walipoondoka, mimi na dada tulikwenda jalalani tukachagua mizizi ambayo macho yake yalikuwa bado mazima. Tukaipanda kuzunguka kaburi, nje ya marumaru, tunaipelekea maji jioni. Sijui nani alipeleka habari. Juzi kaka mkubwa alipiga simu, dada akaweka sauti juu kwa kuwa mikono ilikuwa na unga. "Nasikia mmepanda yale majani makaburini. Yang'oeni. Mizizi yake inasambaa, itapasua marumaru."

Dada akaufuta unga mikononi. Nyumba anayopanga sasa ni ya huyo huyo anayeongea naye, na hana ndugu hapa Tunduma.

"Kaka," akasema, "mwache mama apasue."

Jana alitumiwa ujumbe atafute chumba kingine. Anafunga vyombo, na kana hatujang'oa. Kwenu mlio na wazazi nina neno moja tu. Mzazi akikwambia anachotaka, usimjibu "sawa mama" kama huna nia ya kukifanya. Mkatalie waziwazi, angali na mdomo wa kukujibu.