Boneti ya Jangwani Yapanda Keringet

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu waliozaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kiti. Nikifika kituo cha petroli kilicho mwisho wa mtaa wetu, hapa Nakuru upande wa kutokea Njoro, huona nimetembea vya kutosha, nageuka. Sioni aibu. Lakini mwanamume mzima anayeshinda nyumbani ni lazima awe na sababu, maana majirani wana macho, na sababu yangu kwa miaka mingi imekuwa pikapu. Gari bovu likiwa uani, mtu aliyelala chini yake huitwa fundi. Liondoe hilo gari, mwache amelala pale pale, utasikia anaitwa jina lingine.

Pikapu yenyewe ni ya petroli, nzee, ya rangi ya maziwa yaliyolala, na ni ya mke wangu. Nasema ni yake kwa sababu yeye ndiye anayeiendesha. Kila Jumanne na Jumamosi hupandisha mbolea na unga mpaka Keringet, kwa akina mama wanaolima kule, na hurudi na viazi. Kushuka si shida. Shida ni kupanda. Ukishaipita Njoro barabara inaanza kuinua kichwa, na injini nayo inaanza kuchemka, mpaka mama watoto anaegesha kando, anafungua boneti, anakalia mtungi wa maji na kungoja redieta ipoe. Amekaa pale kwenye kona moja mara nyingi hadi wachungaji wa kondoo wa hapo wanamsalimia kama mtu wa kwao.

Jioni moja alirudi, akaweka funguo mezani, akakaa bila kuvua koti.

"Baba, nimepata mtu mmoja wa kule Bahati. Anataka pikapu. Anakuja Jumapili wakitoka kanisani."

"Anataka ya nini?"

"Ya kubeba nyasi za ng'ombe. Kutoka shamba hadi boma, basi."

"Na viazi vyako?"

"Nitakodisha lori la kanta. Nimechoka kukaa kando ya barabara peke yangu kama mtu anauza asali."

Hakupandisha sauti. Angepandisha sauti ningejua la kufanya. Mke akipiga kelele mtu hunyamaza tu mpaka zipite. Akisema polepole namna ile, ujue ameshaamua.

"Nipe wiki hii," nikamwambia. "Nitaitengeneza isichemke tena."

"Umekuwa ukiitengeneza tangu tuoane."

"Ikichemka Jumamosi, uza."

Aliniangalia kama mtu anayepima kiazi mkononi kuona kama kimeoza ndani. "Sawa. Ikinifikisha Keringet bila kusimama njiani, mtu wa Bahati atakunywa chai aende zake. Ikisimama, ataenda nayo."

Redieta nilikuwa nimeshaiosha. Feni nilikuwa nimeshabadilisha. Kilichobaki, nilivyojishauri, ni kwamba joto la injini limekosa mlango wa kutokea. Na kwa kuwa mimi siendi kwa watu kuuliza, niliuliza simu. Simu ikanionyesha jamaa mmoja wa ng'ambo, mwenye lori kubwa kama nyumba ya wageni, akikata boneti yake na kuitoboa matundu marefu yenye midomo iliyoelekea nyuma, kama mashavu ya samaki. Hewa ya moto ikawa inatoka pale ikicheza. Jamaa alikuwa amesimama kwenye mchanga mtupu, na nyuma yake mchanga mwingine, mpaka macho yanapoishia. Niliyatazama yale matundu mara nyingi sana. Mchanga sikuutazama.

Asubuhi iliyofuata nilifungua boneti, nikailaza juu ya madramu mawili uani, nikachora matundu kwa kufuatisha kipande cha katoni ya sabuni. Kila tundu nilikata pande tatu kwa grinda. Upande wa nne nikauacha ushike, kisha nikaliinua bati kwa nyundo, nimeliwekea mbao chini, likatoa mdomo. Tundu la kwanza lilitoka vizuri. La pili lilitoka kama mdomo wa mtu aliyekula pilipili. Grinda nayo ilikuwa inalia hadi mtaa mzima ukajua kuna kazi.

Jirani yangu akatokeza kichwa juu ya ua. Ni mama wa makamo, Mwislamu; wazazi wake walihamia hapa kutoka Mombasa, na japokuwa yeye amezaliwa Nakuru, Kiswahili chake bado kina chumvi ya bahari.

"Jirani, hilo bati limekukosea nini?"

"Nalipatia pumzi, mama."

"Pumzi! Na mie niliyedhani watengeneza chujio la chai. Nikasema, labda pana harusi."

"Hii itapanda hadi Keringet bila kuchemka."

"Inshallah," akasema, kwa ile sauti ambayo mtu humwombea mgonjwa aliyeshindikana. Akashuka.

Penye nyufa nilipaka fila, ile lipu ya kuzibia bati, nikasugua kwa msasa na maji mpaka vidole vikawa vyeupe kama nimetoka kuchimba udongo mweupe kule Kariandusi. Nikaja kwenye rangi, na hapo ndipo wanaojua Nakuru watanihurumia. Mchana upepo huamka upande wa ziwa, nao hauji mikono mitupu. Huleta vumbi. Rangi mbichi na vumbi vikikutana haviachani tena.

Lakini hila yake naijua: unamwagia uwanja maji kwanza, vumbi linalala, halafu unapulizia. Nilimwagia uani kote. Nikawasha kompresa ya kuazima, nikapuliza koti la kwanza la rangi, laini kabisa, kama siagi. Nikarudi nyuma kidogo kulifurahia. Sikuwa nimefikiria kuku. Kuku wetu walipoona ardhi imelowa walijua mvua imenyesha na minyoo imepanda juu, wakaja wote, na kila mmoja akaanza kuchakura kwa bidii ambayo sijawahi kuiona. Tope likaruka. Nilipomaliza kuwafukuza, boneti ilikuwa na madoadoa kama yai la kanga.

Nikasugua tena. Safari hii nikaiingiza kwenye kibanda cha gari na kukizungushia shuka ili kuzuia upepo na kuku kwa pamoja. Shuka zilizokuwa karibu zilikuwa zile zilizokunjwa juu ya kabati. Kila mtu aliyekulia nyumba ya Kikenya anajua shuka zilizokunjwa juu ya kabati ni za nani. Ni za wageni, nao wageni hao hawajawahi kuja.

Mke wangu alizikuta bado zinaning'inia, kila moja na ukungu wa rangi katikati.

"Wageni walikuja?" akauliza.

"Nitazifua."

"Rangi ya mafuta utaifua na nini, maombi?" Kisha akaisogelea boneti, akapitisha kidole juu ya tundu moja, akaangalia boneti, akaangalia pikapu. Nilikuwa nimechanganya rangi nikiwa kibandani, kwenye kivuli, na kwenye kivuli zilifanana. "Baba, hii ni kama mtu mwenye nguo zake lakini kofia ameazima."

"Itapauka ifanane."

"Kabla ya Jumamosi?"

Nikaanza kuziteremsha shuka. Lakini nilimwona akigeuka kuficha kicheko, na mtu anayecheka gari bado hajaliuza.

Jumamosi asubuhi alipakia mbolea akaondoka. Mimi nilibaki nikifagia uani, nikafagia tena palipokuwa pamefagiwa. Simu ikalia.

"Baba, nimepita pale pangu pa kukaa. Sijasimama. Mshale wa joto haujasogea hata kidogo, na nimewapita watu wa kanta wakiwa wamefungua boneti yao. Wale wachungaji wameinuka kunikaribisha, nimewapungia tu mkono."

Nadhani nilipiga makofi. Nilimwendea jirani pale kwenye ua, nikamwambia chujio la chai linapanda milima. Akaniambia hongera, na kwamba hakika hakuna lisilowezekana. Nikarudi ndani nikajipikia chai ya maziwa mengi, nikakaa kama mwenye gari. Mchana simu ikalia tena.

"Limezima," akasema mke wangu.

"Limechemka?"

"Halijachemka. Limelowa."

"Limelowa na nini?"

"Baba. Na mvua."

"Mvua gani? Hapa jua linawaka!"

"Hapo ni Nakuru. Hapa ni Keringet. Huku msimu huu ni kila mchana, watu hupanga hata mazishi wakijua. Nani hajui hivyo?"

"Mimi sijawahi kufika huko."

"Najua hujafika," akasema.

Nilifumba macho nikayaona matundu yangu, moja baada ya jingine. Chini ya lile la kushoto kabisa ndipo inapokaa distributa, kile kikombe cheusi kinachogawia plagi moto wake. Injini haichukii kitu kama inavyochukia maji ndani ya kile kikombe. Mimi nilikuwa nimekiwekea mfereji juu yake, na mdomo nikaupaka rangi.

"Sikiliza," nikasema. "Fungua kile kikombe, ukaushe na leso, halafu tafuta gunia ufunike..."

"Nishakausha. Nishafunika. Nilikuwa nakwambia tu. Akina mama wa hapa wamenisukuma mpaka sokoni, na wamecheka hadi mvua ikaisha."

"Kwa hivyo umefika."

"Nimesukumwa."

"Lakini hapo ni Keringet. Tulisema mpaka Keringet bila kusimama."

"Tutaongea," akasema, akakata.

Alirudi jioni na viazi vyake, na boneti imefunikwa gunia lililofungwa kwa kamba ya katani, kama mtu mwenye jino bovu. Hatukuongea. Nilijaribu kueleza kuwa mteremko wa kuingia sokoni, kwa haki kabisa, ni sehemu ya soko. Akaniambia nimsogezee chumvi.

Jumapili mtu wa Bahati alikuja, mzee mtaratibu aliyevaa koti la kanisani. Aliizunguka pikapu mikono nyuma, akasimama mbele ya boneti muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Boss," akaniuliza, "hii iliumwa na nini?"

"Ni mtindo, mzee."

"Aa." Akachungulia ndani ya tundu. "Kuku wangu angetaga hapa vizuri."

Tukaingia ndani. Mke wangu akammiminia chai na kumkatia mkate. Mzee alikunywa nusu kikombe kabla hajauliza swali ambalo nami nilikuwa nikilingoja, na uongo nisingeweza kuusema mbele ya mwenye gari.

"Mathe, inapanda?"

"Inapanda," akasema mke wangu. "Jana imepanda na mzigo bila kuchemka. Kanta nimeziacha njiani."

Mzee akaweka kikombe chini. "Sasa unaniuzia nini?"

"Nilikuwa nauza kwa sababu ilikuwa inanikalisha barabarani peke yangu."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi haichemki, ila mvua ikianza inataka mtu ashuke afunike matundu, na jua likitoka afunue. Mimi nikiwa kwa usukani siwezi."

"Huyo mtu umempata?"

Mke wangu alinisogezea sahani ya mkate bila kuniangalia. "Yuko. Anashinda tu hapa nyumbani."

Mzee aliniangalia kutoka kwenye kandambili mpaka kichwani, akachukua kipande kingine cha mkate, akaanza kuzungumza habari za ng'ombe.

Alipoondoka niliongea kwa haraka. Nikasema nitatengeneza vifuniko vya bati, vyenye bawaba na waya wa kuvutia ukiwa ndani, nimeshaona vile vitafanya kazi.

"Tengeneza," akasema, akikusanya vikombe. "Lakini Jumanne tunatoka mapema, na uvae koti. Huku unakoishi hujui baridi."

Vifuniko havijaisha mpaka leo. Jumanne ile nilikaa upande wa abiria, gunia magotini, nikitazama miti mirefu na mashamba ya viazi na pareto ambayo mke wangu ameyaona miaka yote hii. Alikuwa akinionyesha moja moja, akieleza huyu ni nani na yule alimwoa nani, akiongea kuliko anavyoongea nyumbani. Tulikuwa tumebakisha kipande kidogo kufika sokoni tone la kwanza lilipogonga kioo. Akasimamisha gari, akanitazama. Nikashuka.

Mvua ya kule ni baridi na haina salamu. Nilitandaza gunia, nikafunga kamba upande huu, nikazunguka, maji yakiniingia shingoni, vidole vikikataa fundo. Yeye alikuwa ndani, mkavu, ameteremsha kioo upana wa mdomo tu.

"Lile la kushoto umeliacha wazi, fundi!"

Nikazunguka tena, nikalifunika.