Paa Lililosomewa Fatiha

Kazi pekee niliyowahi kupewa na serikali ilikuwa ya kuzungusha mkono wa mashine ya kurudufu, na niliipata kwa sababu hakuna mwingine Moroni aliyekubali kuchafuka wino. Nilikuwa nimetoka Unguja, nilikozaliwa kwa wazazi wenye asili ya Ngazija, kisiwa chenye Moroni. Shule niliiacha mapema, halafu nikawa mtu wa kukaa mji huu miezi sita na mji ule miezi minne. Moroni nilipanga chumba Magudju, na mchana nilizurura sokoni Volo Volo nikiuliza bei za vitu nisivyokusudia kununua. Mwenye duka mmoja aliponichoka akanielekeza ofisi ya mipango. Alisema huko watu hulipwa kwa kuuliza.

Ilikuwa miaka ya mamluki. Wazungu wale walishuka ufukweni 1978, wakaondoa serikali moja, wakaweka nyingine, na badala ya kwenda zao wakabaki kuilinda. Tulikuwa tumeshawazoea, kama unavyomzoea mgeni aliyekuja harusini akakaa mpaka arobaini ya mtoto.

Kila mwaka ofisi yetu ilitoa kitabu kinene, Mpango wa Maendeleo. Kila mstari ulikuwa na kazi, mahali, na safu ya mwisho iliyoitwa hatua iliyofikiwa, ambayo ilipimwa kwa mia. Mimi nilikuwa nazungusha mkono na huku nasoma. Nasoma chochote. Niliwahi kusoma karatasi iliyofungia vitumbua hadi mwisho, nikamrudia mwuzaji kumwuliza kama anao ukurasa unaofuata. Kwa hiyo haikunichukua muda kuona kwamba kazi za Ngazija zilikuwa zinasuasua, thelathini kwa mia, arobaini kwa mia, lakini kazi za kisiwa jirani cha Nzwani zote zilikuwa mia kwa mia. Zote, bila kubakisha hata choo cha shule.

Mkurugenzi wetu, mtu mpole aliyesoma Ufaransa na aliyependa rula kuliko watu, alizitumia kutusuta.

"Angalieni wenzenu wa Nzwani," alikuwa akisema. "Wana nini wao ambacho nyinyi hamna?"

Mwaka ule akanituma mimi kupeleka nakala Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, zikatiwe saini na mkuu wa tawi letu huko, nami nikafurahi, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu kisiwa ambacho kila kitu kimekwisha.

Nilishuka kwenye ndege pale Ouani na bahasha yangu kubwa chini ya kwapa. Mlangoni alikaa mmoja wa wale wazungu, pua imeungua jua, na pembeni yake askari wa Kinzwani aliyekuwa akimtafsiria. Wapinzani wa serikali walikuwa wakichapa vikaratasi vyao kwa mashine kama yangu, kwa hiyo amri ilikuwa kwamba karatasi yoyote iliyorudufiwa ni uchochezi mpaka isomwe. Mzungu akanusa wino, akafungua bahasha.

"Nani ameandika haya?"

"Serikali," nikasema.

"Serikali gani?"

"Hii unayoilinda."

Askari hakutafsiri jibu hilo. Mzungu akaketi juu ya kreti, akaanza ukurasa wa kwanza. Nilidhani atapekua kurasa mbili tatu. Akasoma zote. Ndege ikageuka ikarudi Moroni, abiria wenzangu wakaondoka, adhuhuri ikaadhiniwa, nikaswali, nikarudi, yeye bado anasoma na kulamba kidole. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akisoma Mpango. Hata mkurugenzi alikuwa anausahihisha kwa kupima kando za ukurasa tu.

Hatimaye akasimamisha kidole, akasema jambo refu.

"Anauliza," askari akasema, "hii zahanati ya juu ya mji, chumba cha kuzalia, paa, mia kwa mia. Anasema kila Alhamisi yeye hupanda ngomeni. Kutoka ngomeni anaona kitanda."

"Kitanda gani?"

"Cha wazazi. Anasema ukikiona kitanda kwa juu, basi paa hakuna."

Mzungu akachora alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, kubwa kama ndoana, akanirudishia. Hivyo ndivyo swali la kwanza kuhusu maendeleo ya nchi yetu lilivyoulizwa na mtu aliyekuja na bunduki. Nami nisingeweza kurudi Moroni na alama ile bila jibu, kwa hiyo kabla sijaenda kutafuta saini nikapanda ngazi za Mutsamudu kwenda kulitazama paa.

Chumba kilikuwa na kuta nzuri, na juu yake kenchi za mbao zilizokwisha kuwa za kijivu. Kati ya kenchi ilikuwa mbingu. Mkunga alikuwa akianika mashuka juu ya kitanda cha kuzalia, maana ndipo jua lilipokuwa likipiga vizuri.

"Wewe ni wa wapi?"

"Natoka ofisi ya mipango, Moroni."

"Alhamdulillahi. Umeleta paa?"

"Nimeleta mpango."

"Basi utandike huko juu tuone kama unazuia maji."

Nilimwonyesha mstari wake. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanieleza bila kucheka. Miaka mitatu nyuma lori lilileta mabati mapya, yakapangwa uwanjani, wakubwa wakahutubu, Fatiha ikasomwa, watu wakala pilau. Jioni mabati yakapakiwa tena, ati yanakwenda kuhifadhiwa. Wiki iliyofuata alikwenda kwenye msiba mji mwingine, akayakuta yamepangwa uwanjani yanasomewa Fatiha.

"Ulijuaje ni yaleyale?"

"Moja lina rangi ya bluu pembeni, imeruka kama mtu aliyemwagikiwa. Nimeliona Sima, nimeliona Domoni. Limetembea kisiwa hiki kuliko mimi."

Mvua ikinyesha, chumba kilifungwa na wazazi walibebwa kwa machela kushuka ngazi hadi hospitali ya chini. Mwaka uliopita mmoja alizalia njiani, kizingitini kwa fundi cherehani, na fundi akakata kitovu cha mtoto kwa maana hakukuwa na mwingine mwenye mkasi. Sasa ilikuwa zamu ya binti yake mkunga, mimba ya kwanza, miguu imevimba, na siku zake zilikuwa zinaangukia katikati ya kashkazi, ambayo kule ni msimu wa mvua.

"Huyo hatashuka ngazi kwa machela," akasema. "Nakuja nawe kwa huyo mzee wenu."

Mkuu wa tawi alikuwa mzee safi, kofia yake imesimama kama imepigwa pasi na malaika. Alitupa viti na chai. Niliweka mbele yake alama nyekundu.

"Chumba hicho kimesomewa Fatiha?" akaniuliza mimi, si mkunga.

"Kimesomewa."

"Watu wamekula?"

"Wamekula."

"Basi limekwisha. Ndoa ikisomewa Fatiha na watu wakala, utasema bwana na bibi hawajaoana kwa sababu nyumba yao inavuja?"

"Bakoko," mkunga akasema, kwa neno lile wanalomwitia babu, "haivuji. Ili ivuje lazima kwanza iwe na paa."

Mzee hakuwa mwizi. Nilipekua sana baadaye, kwa udadisi wangu tu, na sikukuta bati hata moja nyumbani kwake. Mabati yalikuwa machache na miji ilikuwa mingi. Angeyapigilia mahali pamoja, miji mingine yote ingesema imedharauliwa. Kwa njia yake kila mji ulipata siku yake, hotuba yake na pilau yake, na hakuna aliyenuna. Kisha kijana wake wa takwimu alipouliza kazi ipi imekwisha, mzee alijibu kwa uaminifu kabisa: ile iliyosomewa Fatiha.

"Andika basi kwamba haijakwisha," nikamwambia. "Ni kufuta tu."

Akaniangalia kama niliyemwambia avue kanzu sokoni. "Mwanangu, wewe umekulia Unguja, sijui huko mnafanyaje. Hapa nani atairudisha Fatiha?"

Hapo tukakwama. Tulikunywa chai ya pili. Kwenye kitabu kulikuwa na safu moja ambayo sikuwahi kuiona na kitu, safu ya maafa, na mimi, kwa kuwa sikuwa na la kupoteza ila kazi, nikaishika.

"Na kama paa lilikuwepo, likachukuliwa na kimbunga?"

"Kimbunga hakikupita," mzee akasema.

"Na paa halikuwepo."

Mzee aliweka kikombe chini. Niliona wazo likimwingia polepole, kama mtu anayevaa kiatu kipya. Fatiha ingebaki mahali pake. Mia kwa mia ingebaki. Kimbunga ni amri ya Mungu, hakuna mji wa kununa.

"Kidogo tu," akasema. "Kimbunga cha chumba kimoja."

Mkunga alikuwa ameshasimama. "Andikeni mnachotaka. Mimi nataka mabati yaje uwanjani kwangu kabla ya mvua. Mengine niachieni."

Niliporudi Moroni, mkurugenzi alisoma mstari mpya mara mbili. Niliogopa. Kumbe wafadhili walikuwa wakimwuliza kila mwaka kwa nini safu ya maafa ni tupu, naye alikuwa akiona haya kwa niaba ya nchi.

"Kilipita siku gani?"

"Ijumaa."

"Kikaharibu chumba kimoja tu?"

"Kilikuwa na haraka, Bwana Mkurugenzi."

Akapiga mstari kwa rula. Nikakata stensili, nikazungusha mkono, na katika majuma machache nilikuwa tena Mutsamudu na kitabu kipya, ambamo chumba cha kuzalia kilikuwa kinangoja kazi ya kurudishiwa paa.

Kazi ikiwa mpya, Fatiha nayo huwa mpya. Lori likaja asubuhi na mabati, lile la bluu likiwa juu kabisa. Yakapangwa uwanjani. Mzee akahutubu, wenzake wakahutubu, kila mmoja akiwataja kwa vyeo wote waliomtangulia, Fatiha ikasomwa, mikono ikapanguswa usoni. Kisha wageni wakakaribishwa kula, na hapo niliona kwa nini mkunga alitaka yeye mwenyewe asimamie chakula. Karamu aliiweka nyumba ya mbali, chini ya ngazi. Mzee alikwenda, dereva wa lori alikwenda, vibarua walikwenda, kwa sababu nani anakataa pilau ya Fatiha? Na ukishakaa mkekani huinuki kabla ya mkubwa wenu, na mkubwa hainuki kabla ya kunawa, na maji ya kunawa hayaletwi kabla ya nyama.

Nyama ilikuwa haijaiva.

"Bado kidogo," wanawake walikuwa wakisema kutoka uani. Wakaleta mkate wa sinia. Wakaleta achari. Wakaleta uvumba. Mzee akasimulia habari za hija yake yote, kwenda na kurudi. Mimi nilijifanya nina tumbo nikapanda ngazi, na nilianza kusikia nyundo kabla sijafika. Mafundi wanne walikuwa juu ya kenchi, kila mmoja na misumari mdomoni, na mkunga chini akiwahesabia mabati kama mtu anayewahesabia watoto dozi.

Alasiri mzee alipopanda akihema, na nyama hatimaye tumboni, paa lilikuwa limekamilika. Alisimama akilitazama. Nadhani lilikuwa paa la kwanza kuliona likiwa juu.

"Binti yangu," akasema taratibu, "Jumamosi kuna mji unayangoja hayo."

"Nina mzazi ndani, Bakoko."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Binti yangu. Uchungu umemshika."

Mimi nilikuwa dirishani. Binti alikuwa amekaa kitandani anakula pilau iliyobaki, na aliponiona akaanza kulia kwa sauti ya kutosha. Mwanamume haingii chumba cha mzazi, hata akiwa mkuu wa tawi. Na kumwezulia mtu paa akiwa katika uchungu, hilo hata mzee hakuthubutu kulitamka. Akasema atangoja.

Alituma mtu Ijumaa. Bado anajikaza. Alituma mtu Jumatatu. Bado. Binti alijifungua kweli baada ya siku kumi na mbili, mvua ikipiga mabati mpaka hatukusikizana, mtoto wa kike, mkavu, mwenye sauti kuliko mvua. Lakini mtu wa mzee alipokuja kuuliza, kitandani alikuwa ameshalala jirani. Baada ya jirani akaja shangazi wa jirani, ambaye wajukuu zake walikuwa wanasoma chuoni. Wanawake wa mtaa walipangiana zamu. Walikuja na ukili wao wa kusuka, wakalala, wakaugua wakisikia hatua za viatu, wakaendelea kusuka. Wenye uchungu wa kweli walipofika waliachiwa kitanda mara moja, na wale wa zamu wakahamia mkekani. Wajumbe wa miji iliyokosa Fatiha yao walikuja kulalamika, wakasikia vilio, wakatoa pole, wakaondoka.

Mwaka ulipogeuka, karatasi za Nzwani zilifika Moroni, nami nikaketi kukata stensili. Kazi mpya, zilizokosa mabati ya kusomewa Fatiha, safari hii hazikuvuka sifuri kwa mia, na mkurugenzi akawaambia watu wa Ngazija waache kuona wivu. Mstari wa chumba cha kuzalia ulikuwa kwa mkono wa mzee mwenyewe. Safu ya hatua iliyofikiwa hakuijaza kwa namba. Nikauandika kama ulivyo, na ukachapwa, na uko mpaka leo ndani ya kitabu cha serikali: "Paa lipo. Haliwezi kuondolewa kwa sasa. Mzazi yumo ndani."