Pikapu Iliyokwenda kwa Utani

Maganda ya korosho yakiungua hutoa moshi mkali unaowasha macho na kung'ang'ania nguoni hata ukifua. Mimi nikiunusa moshi huo, nanusa na grisi pia, kwa sababu mwaka ule baba alikuwa akifufua pikapu kuukuu ndani ya banda letu la kuhifadhia korosho, na mama akizikaanga nje ya mlango. Tulikuwa tumehamia Mitole karibuni, siku zile za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na kuta za nyumba zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi. Baba aliwahi kuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Kilwa. Tajiri huyo alipofunga duka na kuondoka, alimwachia pikapu iliyokufa injini, sakafu imeliwa na kutu. Majirani walisema baba kaokota mzoga.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa amebaki kwenye mahame, kule mashambani tulikotoka. Miguu ilikuwa imemgomea, na kubebwa hakutaka. "Wanaobebwa ni maiti," alisema, akatufukuza na fimbo yake. Jirani mmoja aliyekataa kuhama akabaki akimpikia. Baba akaapa kwamba gari likiwaka tu, safari ya kwanza itakuwa ya kumleta mama yake, akae mbele kama bibi harusi. Mimi nililelewa mgongoni mwa bibi yule, na kiapo hicho nilikishika kwa mikono miwili. Kiti cha mbele nilikishindilia usufi mwenyewe na kukishona kwa sindano ya magunia, nikijua ni nani atakayekikalia.

Fundi wetu alikuwa Seifu, binamu yake baba, mtoto wa mjomba wake. Kwetu mabinamu ni watani. Hutukanana, hunyang'anyana vitu, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Kila asubuhi Seifu aliingia bandani akisema, "Hujambo, mtumwa wangu? Gari langu limelalaje?" Baba akimjibu, "Limelala salama, mwizi mkubwa wee. Shika spana." Nilicheka mpaka mbavu ziniume. Nilimpenda sana baba mdogo yule. Ndiye aliyenifundisha kusugua plagi kwa msasa na kusafisha kabureta kwa petroli bila kuimwaga, na hakuniambia hata siku moja kwamba hiyo si kazi ya msichana. Vipuri vilivyokosekana alivifuata mwenyewe Dar es Salaam. Sote tulisema, damu nzito kuliko maji.

Injini ilikubali siku ya Ijumaa, baada ya sala. Maalimu akasoma dua, mama akafukiza ubani kuizunguka bodi, tukala wali. Nilikuwa tayari nimevaa kanga mpya kwa ajili ya kumfuata bibi. Seifu akanawa, akaingia nyuma ya usukani. "Haya, naondoka na mali yangu," alisema. Baba akamjibu, "Nenda, na usirudi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikiwamo. Alisema anaijaribu hadi njia panda ya Nangurukuru tu. Tulimngoja hadi magharibi, tukamngoja na kesho yake. Baadaye watu wa Somanga walitusimulia kwamba alipita akipiga honi, akimtangazia kila mtu kuwa amemwibia mtani wake gari. Nao wakacheka, wakampa madafu ya safari. Gari aliliuza huko mjini.

Mama alitaka polisi. "Baba Mwanaidi, huyo si mtani tena, ni mwizi." Baba alikaa kwenye kizingiti akitazama mikono yake. "Niende nikaseme nini?" aliuliza. "Nilimwambia aende asirudi, na kijiji kizima kimesikia." Wazee nao wakaafiki kwamba mtani hashitakiwi. Niliwachukia wote, baba nikamchukia zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini baba alikuwa anaogopa hata kuikung'uta nguo. Masika yakaingia, na baba na vijana wa kijiji wakaenda kumleta bibi kwa machela, begani, topeni. Alifika amelowa, anakohoa, akauliza gari liko wapi. Hakuufikia msimu wa korosho. Umri ni wa Mungu, najua, lakini aibu ile ya kubebwa akiwa hai tulimletea sisi.

Leo lami inapita Nangurukuru, na magari ni mengi hata hayageuzi shingo ya mtu. Wanangu hutaniana na binamu zao kwenye simu kutwa, wakiniona mimi mkavu, na huuliza kwa nini sitanii. Huwaambia habari ya mazishi ya Seifu. Kwetu mtani ndiye huyachangamsha maziko. Huzuia jeneza, huruka kaburini, humdai marehemu madeni, na waliofiwa hucheka katikati ya machozi. Baba, mzee tayari, alipotokea makaburini, watu walimpisha huku wameanza kutabasamu, maana nani asiyejua kwamba kuna gari la kudaiwa? Baba akatoa salamu. Akachota udongo, akatia kaburini kama mpita njia yeyote, akakung'uta mikono na kuondoka bila kumdai marehemu hata senti. Ndipo watoto wa Seifu walipoanza kulia.