Mwanarehema na Bendi Isiyoita Mtu

Bendi ya roki ya Nasreen sasa hujaza viwanja kuanzia Changamwe hadi Kisauni. Wajuaji husema ni gita, wengine husema ni bahati. Mimi jirani yao nasema ni mamake.

Mamake huyo, Mwanarehema, hukodisha viti vya arusi hapa Shika Adabu, Likoni, na kwa miaka ishirini amejifunza jambo moja: mgeni aliyefurahi hakumbuki kiti chake. Basi bendi ilipopiga Kiembeni, na watu wakakaa vitini wakichezea simu, kisha nusu yao wakaenda zao, alijua shughuli imelala.

Nasreen alirudi kanuna. Tangu aanze gita, ukimwita hujibu "Nini?", nalo jibu hilo humchoma mamake kuliko kelele zote.

"Jumamosi twapiga hapa Likoni," alisema. "Wakiondoka tena, nauza gita."

Mama mwingine angeshukuru. Mwanarehema hapendi kushindwa, wala hapendi mwanawe ashindwe.

"Gita halina kosa, wallahi. Lakini mwaimba peke yenu, hamwiti mtu! Asiyeitwa huitika?"

Kahindi, mpiga ngoma wao, akacheka. "Mama, hii ni roki, si vugo la wanawake kuitikiana arusini."

"Nasikia roki maana yake mwamba. Hata mwamba ukiuita, hukuitikia."

Kahindi akaenda kuchukua ngoma zake. Wiki nzima walifanya mazoezi katikati ya viti, wakipunguza gita na kuacha nafasi ya watu kujibu.

Jumamosi Nasreen akaita, "Likoni!" Wanawake walitakiwa kusema abee, wanaume naam. Kimya. Mwanarehema akasimama peke yake, akapaza sauti: "Abee!" Watu wakacheka. Mara ya pili wanawake wauza samaki wakamuunga mkono, wakiwazomea wanaume kuwa hawana sauti. Wapi! Mwanamume wa Likoni akubali hilo? Mara ya tatu uwanja ulinguruma, viti vikapinduka, na waliokuwa nje wakaja mbio kuona kuna nini.

Hakuna aliyeondoka. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, Mwanarehema alishindwa kujizuia, akaita kwa nguvu zake zote: "Nasreen!"

Msichana akashika kipaza sauti, akainamisha kichwa.

"Abee, mama."

Machozi yakamtoka Mwanarehema hadharani. Akataka kuketi, asikumbuke kiti chake amekiacha wapi.