Yule dada wa Buyenzi aliyekataa kuonja

Admin, ficha jina langu na la mji wangu pia, maana huku tunajuana wote. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, Mkristo, fundi wa magari mkoani Kigoma. Nina mke na watoto wanne. Nje ya nchi nimetoka mara moja tu maishani, na hiyo safari ndiyo inayoninyima raha.

Ilikuwa miaka ya vita ya Burundi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na nne, naendesha lori la mjomba. Pampu ya dizeli ikafa, na wakati ule kila mtu alikuambia mafundi wa pampu wako Buyenzi, Bujumbura. Mjomba akanipa pampu ndani ya gunia nikapanda boti la mizigo. Humo ndani mfanyabiashara mmoja akaninong'oneza kwamba huko watu wanalishana sumu, ndiyo maana mwenyeji akikuletea kinywaji lazima aonje kwanza mbele ya macho yako. Asipoonja, weka chini. Nikalishika hilo neno kuliko hata anwani niliyopewa.

Fundi wa pampu, nitamwita Fundi tu, alinipokea vizuri sana. Alikuwa Muislamu, mzaliwa wa pale pale, mke na watoto wake wamekimbilia Uvira kule Kongo, nyumbani kabaki yeye na mdogo wake wa kike. Huyo dada nitamwita Mwajuma, siyo jina lake. Alikuwa amechumbiwa. Spea hazikupatikana, siku tatu zikawa wiki mbili, nikalala kwao na kula kwao. Kila alasiri Mwajuma ananiletea juisi ya marakuja, yaani pasheni, pale gereji, anamimina kidogo, anaonja, ananipa.

Lakini mimi sikumwamini mtu. Nikiingia mahali sauti zinashuka. Jirani mmoja kaniuliza mara tatu nitaondoka lini, na mimi najiuliza ya nini yote hayo. Siku moja nikamkuta Mwajuma getini ananong'onezana na mwanaume aliyevaa koti la jeshi, waliponiona wakanyamaza. Mpaka leo sijui walikuwa wanazungumza nini.

Kesho yake akaleta juisi, akaweka, akageuka aondoke. Hakuonja. Nikamwambia, dada, umesahau kuonja. Akasema ninywe tu, haina shida. Nikazidi kuogopa. Pale gereji kulikuwa na wateja watano au sita, wanaume wazima, wote wakaacha walichokuwa wanafanya. Fundi akatoka chini ya gari, mikono imejaa grisi.

"Onja, mugeni aone," akamwambia.

"Apana, kaka. Mi siwezi."

"Juu ya nini?" akauliza, yaani kwa nini.

Mwajuma akatazama wale wanaume, akatazama chini. Fundi akarudia swali, na yeye akaanza kulia bila sauti. Basi Fundi akachukua ile juisi akaimwaga kwenye mchanga. Hakuna aliyewahi kuipima.

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kwa Fundi kuna mtoto wa kike anayetilia watu sumu. Wakati ule neno kama hilo lilitosha kukumaliza. Watu wa mchumba wakaja kuvunja posa. Fundi akamfukuza Mwajuma, naye dada akaenda kukaa kwa shangazi yao Buterere, kule kwenye mashamba ya mpunga ambako hata wenyeji walikuwa wanaogopa kufika kwa sababu ya vita. Mimi nikachukua pampu yangu nikarudi nyumbani. Tena niseme ukweli, nilirudi najisifu. Miaka yote hii hiyo ndiyo hadithi yangu ya kwenye harusi na vikao, jinsi nilivyoponea chupuchupu Bujumbura. Watu wanacheka, wananiongezea soda.

Mwezi uliopita mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye ni Muislamu, alikuwa anapika. Mke wangu akamwambia aonje chumvi. Akakataa, akainamisha kichwa. Nilishangaa, Idi ilikuwa imepita wiki tatu. Baadaye mke wangu akaniambia kwa siri kwamba mkwe amefunga, analipa zile siku za Ramadhani alizokula kwa sababu ya mambo ya kike, na ameona haya kusema mbele yangu.

Nilishindwa kula. Safari yangu ile pia, Idi ilikuwa imetoka kupita. Na Mwajuma angesema nini mbele ya wanaume sita na kaka yake? Hata Fundi hakuwaza, maana mambo hayo kaka haambiwi.

Nikatafuta namba ya Fundi mpaka nikaipata. Amezeeka, figo zinamsumbua. Nilitaka kuungama lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Mi niko mugonjwa sana," akasema. "Toka ile siku sijaongea na dada yangu. Hakuolewa. Watu wananiambia nimuite kabla sijakufa, lakini we ndiyo ulikuwa pale. Niambie ukweli. Nimuite ao nimuache?"

Nikamwambia mtandao unakata, nitampigia. Leo ni siku ya kumi na tisa na sijampigia.

Ndugu zangu, sina ushahidi. Huenda nakisia tu. Roho yangu mbaya bado inaniuliza habari za yule mwanaume wa getini, inasema labda kweli nilinusurika. Na kama nilikosea, itabidi nitaje siri ya mwanamke ambayo yeye mwenyewe aliona bora apoteze kila kitu kuliko kuitamka. Nikinyamaza, Fundi anakufa bila kumwita.

Mke wangu hajui lolote. Nishaurini, nimwambie nini mzee wa watu? Jana amepiga mara mbili, nikaiacha simu iite.