Meno ya Daktari Namnyaki

Daktari Namnyaki hazibi mdomo akicheka. Wengi wetu tuliokulia miteremko ya Meru tunaziba, maana maji ya kwetu yana floraidi nyingi na meno yanakuwa ya kahawia tangu utotoni. Yeye anacheka meno yote nje, na asiyependa atazame pembeni.

Alitufundisha kemia ya maji chuoni, hapa Arusha. Muhula uliopita alipima kisima kipya cha chuo, zawadi ya mfadhili mmoja mkubwa, akakuta floraidi imezidi kiwango. Akatangaza kwamba Ijumaa atatoa mhadhara wa wazi kuhusu majibu hayo.

Mkuu wa chuo, Profesa Lomayani, akamwita ofisini. Daktari alitusimulia mwenyewe, akiwa bado na hasira. Mkuu hakuvibishia vipimo hata kidogo. Alitaka tu kisima kisitajwe, eti mfadhili asije akaudhika.

"Fundisha floraidi upendavyo, dada yangu, ila tumia mifano ya India huko."

"Yaani ukweli niuseme wa mbali tu? Sitaki."

Ijumaa tulikuta ukumbi umepigwa kufuli. Nilidhani yameisha, nikataka kurudi zangu nyumbani, mtaa wa Sakina. Daktari akaweka jagi la maji ya kisima kwenye nyasi, chini ya madirisha ya utawala, akaanza kufundisha jinsi floraidi inavyoharibu meno, kisha mifupa, kwa sauti ya kuwafikia waliomo ndani.

Profesa akashuka, tai imekaa upande. "Namnyaki, tawanya wanafunzi. Unachezea kazi yako."

"Kazi yangu ndiyo hii ninayoifanya, Mkuu."

Tukaangua kicheko. Profesa akalazimisha tabasamu, na meno yake meupe pe yakaonekana. Sote tulijua ni ya kuvalishwa, kwani yeye na Daktari ni wa kijiji kimoja, wamekunywa maji ya mfereji mmoja. Nilimchukia siku ile, sifichi.

Daktari akammiminia glasi. "Kunywa basi, kaka, nami nifunge mhadhara."

Hakuipokea.

"Meno umeyavika. Mifupa utaivika nini?"

Profesa aligeuka, akarudi ofisini kwake.

Jumatatu jina la Daktari lilikuwa limeondolewa kwenye ratiba. Ijumaa iliyofuata alikuwa palepale nyasini, nasi tumembebea chupa za maji ya makwetu, za Sekei, Lemara na Sakina, atufundishe kuyapima. Nilikaa mbele kabisa. Alipotutania nilicheka kwa nguvu, na mkono wangu ukabaki mapajani.